Muhula wa Baharini Unguja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mwaka, wiki chache kabla ya kundi jipya kuvuka, simu yangu hujaa maswali yaleyale. Muhula wangu wa baharini, yaani muhula wa mafunzo ya vitendo ya sayansi za bahari, niliukaa Jambiani, kusini-mashariki mwa Unguja, kisha nikarudi mara mbili kama msaidizi wa mafunzo. Nimekusanya hapa majibu niliyozoea kuyatoa kwa simu usiku. Nawaandikia hasa wanafunzi wa bara ambao hawajawahi kulala kisiwani. Waliozaliwa Unguja na Pemba watanisamehe nikieleza mambo wanayoyajua tangu utotoni.

Tutafanya nini hasa muda wote huo?

Wiki za mwanzo mnajifunza kutambua viumbe na kukusanya data. Katikati kuna safari: mikoko ya Ghuba ya Chwaka, matumbawe ya kisiwa cha Chumbe na, fungu la fedha likiruhusu, Mafia. Wiki za mwisho kila mtu yuko na mradi wake. Jioni kuna mihadhara, ila ni mifupi, kwa sababu watu wamechoka na jua.

Unguja haikuchaguliwa kwa ajili ya watalii. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imekuwapo huko tangu 1978. Ndani ya mwendo wa saa moja au mbili kwa daladala unapata mwamba, mikoko, nyasi za baharini, mchanga mtupu na diko, yaani mahali samaki wanaposhushwa. Sehemu chache zinakupa vyote hivyo bila kulala njiani.

Sijui kuogelea. Nibadilishe kozi?

Usibadilishe. Mimi nimekulia Iringa, na kabla ya chuo maji mengi niliyowahi kuyaona yalikuwa ya mto. Katika kundi letu karibu nusu hatukujua kuogelea. Cha muhimu ni kusema siku ya kwanza, mbele ya msimamizi. Ukinyamaza atakupanga kwenye boti akiamini unaweza, na hapo umejiweka hatarini wewe pamoja na mwenzako atakayeruka kukufuata.

Mafunzo hufanyika kwenye maji ya kiunoni, ndani ya ukingo wa mwamba ambako mawimbi yameshakatika. Unaanza kwa kuelea chali. Kisha unapumua kwa snokeli ukiwa umesimama, uso ndani ya maji, mpaka moyo utulie. Ndipo unaondoa miguu chini. Wengi wetu baada ya wiki mbili tuliweza kuelea juu ya matumbawe tukiwa na jaketi okozi. Kuzamia kwa mtungi si sharti la kufaulu. Kazi bora ya mwaka wetu ilikuwa ya kaa wa mikoko, na aliyeifanya hakuwahi kupita maji ya kifua.

Kwenye boti jaketi okozi halivuliwi mpaka mguu uguse mchanga, hata kama nahodha na mabaharia wake hawajavaa. Wao wamezaliwa humo.

Kwa nini ratiba tuliyopewa haina saa? Imeandikwa "maji yakipwa" tu.

Kwa sababu hiyo ndiyo saa yenyewe. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa kama saa 24 na dakika 50, kwa hiyo kila siku kila kitu husogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwamba ukikauka leo saa 4 asubuhi, kesho utaukuta mkavu karibu saa 5, na mwisho wa wiki utakuwa unakula chakula cha mchana kwanza ndipo ushuke pwani.

Juu ya hapo kuna bamvua na maji mafu. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta maji kwa mstari mmoja, na Unguja tofauti kati ya kujaa na kupwa hufikia kama mita 4. Hiyo ni bamvua. Maji yanakimbia mbali, na unaweza kutembea kwa miguu mpaka karibu na ukingo ambako juzi boti ilikuwa inaelea. Wiki moja baadaye mwezi ni nusu na maji ni mafu: hayajai sana wala hayapwi sana, na mkondo umelegea. Kwa hiyo bamvua ni siku za kutembea mwambani, na maji mafu ni siku za kuzamia, za kuingiza data na za kufua.

Tuna bahati moja mwambao huu. Kupwa kwa bamvua huangukia asubuhi, kati ya saa 4 na saa 5, kukiwa na mwanga wa kutosha. Ndiyo maana kalenda ya Kiislamu ukutani inamfaa sana mwanafunzi: tarehe za mwanzo wa mwezi na za katikati ni za bamvua. Siku moja nilimuuliza mama mwenye nyumba yetu ni lini tungeweza kufika ukingoni. Alitoka uani, akautazama mwezi, akasema, "Keshokutwa saa nne. Lakini adhuhuri isiwakute huko." Nilipofungua jedwali la maji, alikuwa ametofautiana nalo kwa dakika chache tu.

Ukikaa na wavuvi wazee utawasikia wakihesabu kwa miongo, yaani mafungu ya siku kumi kumi yanayoanzia siku ya mwaka, ile inayosherehekewa Makunduchi mwezi Julai katika Mwaka Kogwa. Mzee akikuambia samaki fulani hushika mwongo fulani, andika kama alivyosema. Amekupa data ya msimu ambayo ungehitaji miaka kuikusanya.

Maji yanarudi haraka kiasi gani? Nimesikia watu wamewahi kuzingirwa.

Mmoja wao ni mimi, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo.

Maji hayarudi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza baada ya kupwa kabisa huoni kitu, na hilo ndilo linalodanganya. Saa ya tatu na ya nne ndizo yanaingia kwa kasi kuliko zote. Pia hayaji kutoka mbele tu kama mtu anavyodhani. Kati ya ukingo na ufuo kuna sehemu za chini, mikondo ambayo ulivuka asubuhi maji yakiwa ya magotini. Hizo hujaa kwanza, nyuma yako, wakati pale uliposimama bado pakavu.

Sisi watatu tulikuwa tunamalizia kwadrati za mwisho, yale maeneo ya mraba ya kuhesabia viumbe. Kwadrati nne tu. Tulipogeuka, mkondo ulikuwa wa kifua, na mmoja wetu alikuwa mfupi, tena hajui kuogelea. Aliyetuokoa ni mama aliyekuwa akirudi na furushi la mwani kichwani. Alitupigia kelele tufuate njia yake, akatuzungusha mbali upande wa kusini ambako mchanga ulikuwa juu. Hakutugombeza. Alisema tu, "Wanangu, mimi nikisimama, na nyinyi simameni."

Tangu siku hiyo kanuni yangu ni hii. Nenda na maji yanapotoka, yaani ingia saa mbili kabla ya kupwa kabisa, na geuka saa ile ya kupwa ikifika, hata kama kazi haijaisha. Mmoja kati yenu asishike kwadrati wala penseli. Kazi yake iwe kutazama maji na saa. Na wakulima wa mwani wakianza kutoka, tokeni.

Nibebe nini?

Viatu vya kufungika vyenye soli ngumu. Kandambili haifai mwambani, na yeboyebo hufaa kwenye mchanga tu. Nguo za mikono mirefu za kuingia nazo majini, kofia yenye kamba, kanga mbili au kikoi, tochi ya kichwani, chupa ya maji ya lita moja na nusu, dawa zako za kawaida. Kwa kuandikia: penseli nyingi na ubao wa plastiki. Wengine hukata bomba la plastiki, wakalisugua kwa msasa na kulivaa mkononi kama bangili pana. Linaandikika vizuri sana chini ya maji na halimponyoki mtu.

Usibebe mifuko ya plastiki. Zanzibar iliipiga marufuku mapema, na bara ilifuata tarehe 1 Juni 2019. Sampuli zitakaa kwenye makopo.

Kuna viumbe vya kuogopa?

Kuna vya kuheshimu. Anayeumiza wengi ni yule kiumbe wa duara, mweusi, wa miiba mirefu anayejificha kwenye mashimo ya mwamba. Miiba yake hukatika ndani ya nyayo. Wenyeji hupaka utomvu wa papai bichi, na ukikataa kukanyaga usipopaona, hutauhitaji. Taa, yule samaki bapa, hujifukia mchangani. Buruza miguu badala ya kuinyanyua, naye ataondoka mwenyewe. Yuko pia samaki anayefanana kabisa na jiwe, mwenye sumu kwenye miiba ya mgongoni. Akikuchoma, au taa akikuchoma, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa nusu saa au zaidi, huku mnatafuta gari la kwenda hospitali. Joto hupunguza makali ya sumu hiyo.

Konokono mzuri mwenye umbo la koni usimwokote kabisa, hata kama gamba linaonekana tupu. Ana mshale wenye sumu inayoweza kuua.

Ila kinachotupeleka zahanati mara nyingi ni mkwaruzo wa tumbawe uliopuuzwa. Uoshe kwa maji safi na sabuni siku ileile, na usiingie nao baharini kesho.

Tunaishi na wenyeji? Nimwiteje mama mwenye nyumba?

Mara nyingi mnapanga nyumba kijijini na mama mmoja anawapikia. Mwite Mama, au Bi ukifuatisha jina lake. Jina tupu halitamkwi. Mwanamume mtu mzima ni Mzee au Baba, anayefundisha madrasa ni Maalim, mwenye boti ni Nahodha hata akiwa nchi kavu. Unabisha hodi na unangoja mlangoni mpaka usikie karibu. Shikamoo hutolewa kwa kila aliyekuzidi, na asubuhi njiani utaitoa mara ishirini. Usiharakishe salamu. Unguja mtu anaweza kukuuliza hali, nyumbani, wazazi, na masomo kabla hujasema shida yako, na mwanafunzi anayeruka hatua hizo anaonekana amekuja kuchukua.

Mavazi ni ya stara, kwa wote. Wanaume msipite kijijini kifua wazi mkitoka majini. Wanawake mfunike mabega na magoti. Kanga moja juu ya nguo za majini inatosha mpaka mfike nyumbani. Watalii utawaona wakifanya vingine. Wewe si mtalii, na watu wanakutarajia ujue.

Nikiwa katika siku zangu naweza kuingia majini?

Ndiyo. Hakuna ushahidi kwamba damu ya hedhi huwavuta papa. Shida ni ya vitendo tu: taulo za kike hunyonya maji zikawa nzito. Wanaotumia kikombe cha hedhi hawapati tabu. Usipokuwa nacho, mwambie msaidizi wa kike akupange kazi za nchi kavu siku mbili tatu. Halihitaji maelezo marefu, na hakuna alama zinazopotea.

Mwamba ni wa wote. Kwa nini tuombe ruhusa kwenda kuhesabu konokono?

Hili ndilo swali ambalo ningependa kila kundi liulize kabla ya kuvuka, na ndilo linaloulizwa kwa nadra.

Ukishuka pwani saa 4 asubuhi siku ya bamvua, utakachokiona si maabara iliyo wazi. Ni mahali pa kazi penye shughuli kuliko sokoni. Kuna mama aliyepanga vigingi vyake vya mwani miaka kumi iliyopita na anavijua kimoja kimoja. Kuna bibi mwenye kijiti cha kuchokolea pweza ambaye ana mashimo yake, aliyoonyeshwa na mama yake. Kuna mitego ya madema, na watoto wanaotafuta mboga ya mchana. Ukipitisha futikamba ya mita 50 katikati ya hayo bila kumsalimia mtu, umevuka shamba la watu.

Ruhusa ina ngazi. Zanzibar ina utaratibu wake wa kibali cha utafiti, tofauti na ule wa COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, wa bara. Chuo hushughulikia hilo, lakini beba nakala. Kijijini unakwenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa hapo, naye atakuelekeza kwa kamati ya wavuvi. Sehemu nyingine ziko ndani ya hifadhi, kama Ghuba ya Menai iliyotangazwa 1997, au zimefungwa kwa muda na kijiji chenyewe. Baada ya ngazi zote hizo bado unamwambia mwenye vigingi: "Mama, naomba kupita hapa, napima nyasi, sitagusa kamba zako." Sijawahi kumwona aliyekataa. Nimewaona walioongeza, "Ukitaka nyasi nyingi nenda kule, hapa zimekatwa."

Tutajifunza nini kuhusu mwani?

Mengi, hasa mkifanya kazi na wakulima badala ya kuwapiga picha. Kilimo cha mwani kilianza Unguja 1989, na wengi wa wakulima ni wanawake. Mbegu hufungwa kwa taitai, vijikamba vidogo vya plastiki, kwenye kamba iliyovutwa kati ya vigingi, na baada ya wiki sita hivi huvunwa na kuanikwa. Ndani yake hutolewa kitu cha kugandisha kinachoingia kwenye dawa za meno, vipodozi na vyakula.

Kuna mwani wa aina mbili. Kotonii hulipa vizuri zaidi, lakini maji ya kina kifupi yamekuwa ya moto kuliko unavyoweza kustahimili: unapata madoa meupe, unalainika na kukatika. Spinosamu hustahimili zaidi na bei yake ni ndogo. Mkulima anayekuambia "zamani tulipanda kotonii hapa, siku hizi haukai" anaeleza kupanda kwa joto la bahari kwa mkono wake. Dk. Flower Msuya, ambaye kwa miaka mingi amefanya utafiti pamoja na wakulima hao, amehimiza kilimo cha maji ya kina kwa nyavu za mrija, pamoja na kutengeneza sabuni na bidhaa nyingine badala ya kuuza mwani mkavu mtupu. Kikwazo kimojawapo cha kwenda kwenye kina ni kwamba kunahitaji boti na kuogelea, na wakulima wengi, kama sisi wa Iringa, hawakufundishwa kuogelea. Funga kamba pamoja nao asubuhi moja nzima. Vidole vitauma, na utaelewa bei ya kilo kuliko muhadhara wowote.

Nichague mradi gani?

Chagua kitu utakachokiona kila siku ukishuka. Wanafunzi wengi huja wakitaka pomboo au papa, kisha wiki ya tatu wana alama tano kwenye daftari. Kwadrati ya nusu mita kwa nusu mita, kila baada ya mita 5 kwenye futikamba ya mita 50, kwenye nyasi za baharini, itakupa namba za kutosha hata siku mbili zikiharibika kwa mvua. Jongoo bahari na viti vya pweza, wale wenye umbo la nyota, hawakimbii. Kwenye mikoko ya Chwaka unaweza kulinganisha mkoko, mkandaa, mchu na mlilana kwa umbali kutoka majini, na kuona kwa macho jinsi kila mti ulivyochagua kimo chake cha maji.

Mradi ninaoupenda kuliko yote ni wa pweza dikoni, na hauhitaji kulowa. Unakaa na mizani pale wanapopima. Kwa idhini ya mwenyewe unaandika uzito, jinsia, mahali alipokamatwa na muda uliotumika. Dume utamjua kwa mkono wake wa tatu wa kulia, ambao ncha yake imeumbika tofauti. Pweza wa mwambani haishi sana zaidi ya mwaka mmoja, anakua kwa kasi ya ajabu, na jike hutaga mara moja, akalinda mayai mpaka yaanguliwe, akafa. Ndiyo maana kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi michache tu huongeza uzito wa mavuno. Wazo hilo lilijaribiwa Madagaska 2004 na limefika visiwani kwetu, Pemba ikiwemo. Ukiwa na namba za kabla na za baada, kijiji kitakusikiliza, kwa sababu ni mjadala wao tayari.

Angalizo kuhusu majina: tasi, changu, pono, chewa ni majina ya kweli na ya kale, lakini changu mmoja wa mvuvi anaweza kuwa spishi kadhaa za kitabuni, na kijiji cha pili kina jina lingine. Andika jina alilolitaja mvuvi, piga picha samaki akiwa ubavu, ndipo utafute la Kilatini usiku. Wanaofanya kinyume hupoteza vyote viwili.

Data zikilowa au simu ikizama?

Zitalowa. Kila jioni, kabla ya kula, karatasi zinapigwa picha na namba zinaingizwa. Wenzangu na mimi tuliahirisha siku tatu kwa uchovu, ndoo ikamwagika juu ya daftari, na transekti sita, yaani mistari sita ya vipimo, zikawa wino wa buluu. Ndiyo sababu ya penseli.

Matumbawe ya Chumbe yakoje?

Chumbe imefungwa kwa uvuvi tangu 1994, na ukitoka kwenye mwamba unaovuliwa kila siku ukaingia pale, utaona tofauti kabla hujaanza kuhesabu: chewa wakubwa, pono kwa makundi, zaidi ya aina 400 za samaki kwa jumla. Nchi kavu kuna kaa mkubwa anayepanda miti na kupasua nazi, na mnara wa taa wa 1904. Waulize walinzi, kwani waliofunzwa mwanzoni walikuwa wavuvi. Waulize pia kuhusu kupauka kwa 1998, maji yalipokuwa ya moto mno na matumbawe yakafukuza vijimea vinavyoyalisha, yakabaki meupe. Machi na Aprili ni miezi ya kuangalia hilo.

Tutamwona papa potwe?

Mkienda Mafia kati ya Oktoba na Februari, upande wa Kilindoni, uwezekano ni mzuri. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa 1995, ya kwanza Tanzania, na ina kilomita za mraba 822. Zamani ilidhaniwa kwamba msimu ukiisha potwe huondoka kwenda mbali. Watafiti walipowawekea vifaa vya kutoa sauti, waligundua wengi wao hubaki karibu na Mafia mwaka mzima, ila hukaa mbali kidogo na ufuo na chini zaidi, ambako macho hayafiki. Nawakumbusha hilo wanafunzi kila wanapoandika "hayupo" kwenye fomu. Waandike "hakuonekana".

Kasa ni wa bahati na wa usiku. Wa kijani na ng'amba ndio wanaotaga kwetu, na mayai hukaa mchangani kama miezi miwili. Tochi nyeupe ni marufuku karibu nao.

Boti hunitapisha.

Kula kidogo kabla, si kukaa na njaa. Kaa katikati ya boti, tazama upeo wa macho, usitazame simu wala fomu. Wakati wa kusi bahari ya mashariki ni nzito. Kaskazi ina siku tulivu zaidi. Mwambie nahodha mapema.

Muhula ukiangukia Ramadhani?

Ratiba inabadilika na nyinyi mnabadilika nayo. Usile wala kunywa hadharani mchana, hata kama hufungi, kula ndani. Nahodha na mabaharia wamefunga, kwa hiyo safari ndefu hupangwa asubuhi mapema, na haifai kumwomba mtu aliyefunga avute nanga mara kumi juani. Jioni mtaalikwa futari. Nendeni. Wali wa nazi, pweza wa nazi, mihogo, tambi za sukari na uji wa pilipili manga: sijala vizuri hivyo popote. Peleka tende au sukari, usiende mikono mitupu.

Umeme, maji, mtandao, pesa?

Umeme upo na hukatika. Maji ya bomba huwa na chumvi kidogo sehemu za mashariki. Ya kunywa mnanunua au mnachemsha. Mtandao wa simu unatosha kutuma ujumbe. Toa pesa mjini kabla ya kwenda kijijini, na uwe na noti ndogo za daladala na vitumbua. Kitambulisho chako kiwe karibu, bandarini kitaulizwa.

Upweke je?

Huja wiki ya nne au ya tano, ugeni ukishaisha na mradi haujashika. Mwambie mtu. Kisha toka, ukakae barazani jioni pale panapouzwa kahawa na kashata. Hakuna atakayekulazimisha kuzungumza, na ndani ya siku chache utakuwa unaulizwa leo mmepima nini.

Matokeo tunayawasilisha wapi?

Chuoni, kwa ripoti, na kijijini, kwa mdomo. La pili ni deni: watu walikuonyesha mashimo yao, mizani yao na njia ya kutoka majini. Ongea na sheha wiki mbili kabla, omba uwanja wa skuli au baraza, andaa michoro mikubwa kwenye karatasi, na sema kwa Kiswahili cha kawaida mlichokipata na msichokuwa na uhakika nacho. Acha muda mwingi wa maswali, maana yatakuja magumu kuliko ya wahadhiri.

Na angalieni mwezi kabla ya kutaja siku. Sisi tulitangaza Jumamosi, saa 4 asubuhi, kwa kuwa ilitufaa sisi. Ilikuwa bamvua. Walikuja wazee watatu na watoto; kijiji kizima cha kina mama kilikuwa mwambani. Tukarudia Jumamosi iliyofuata, saa ileile, maji yakiwa mafu, na ikabidi mikeka iletwe kutoka msikitini.